Mtaa Una Kifua Gani? Tulivyotafuta Majina ya Waliojitolea Wakati wa Vita vya Kagera

Hapa Mwanza ukitaja mashujaa wa Vita vya Kagera, watu wanawaza wanajeshi, na hilo ni haki yao. Mwanajeshi ana Nishani ya Kagera. Ana makaburi ya Kaboya kule Muleba, yenye mnara na majina. Ana tarehe 25 Julai kila mwaka, na mkuki na ngao na shada la maua. Asiyekuwa na chochote ni yule aliyepika uji wa watu wengi kwa kuni za kwake, aliyebeba magunia bandarini usiku bila kulipwa, aliyewapisha wageni kitanda yeye akalala jamvini. Huyo hayumo kwenye orodha yoyote, na kama bado yupo, sasa ana miaka themanini na ushee.

Tangu nistaafu ualimu, mimi na majirani kadhaa wa huku Kirumba tumekuwa tukikusanya majina ya watu hao ili yapelekwe juu, wafikiriwe kwa nishani ya taifa. Kazi haijaisha. Lakini imeshanionyesha mambo ambayo ningependa mtu anayetaka kuianza kwingine, iwe Musoma, Bukoba au Sengerema, ayajue mapema, kwa sababu wazee wanatangulia kila mwezi.

Kwa vijana wanaosoma, nipite haraka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, na Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema yale ambayo kila mtu wa rika langu anayajua kwa kichwa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Hayo yote yako vitabuni. Mwanza ilivyoishi katikati ya tarehe hizo ndiko kusikoandikwa sana. Reli inaishia hapa. Kilichopanda treni kwenda vitani kilishushwa hapa, kikapakiwa melini, kikavuka ziwa hadi Bukoba. Na waliokimbia vita nao walishukia bandari hiyohiyo, wamebeba godoro na mtoto.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka handaki tulilochimba nyuma ya madarasa, na mwalimu akitufundisha kulala kifudifudi na kuziba masikio. Nakumbuka pia tulipoambiwa kwamba ndege imeangusha mabomu kisiwani Saanane. Ilikuwa 29 Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev iliyotumwa kumsaidia Amin. Ililenga matangi ya mafuta ya mjini, ikakosa, ikapiga kisiwa cha wanyama na kuua swala. Sisi watoto tulicheka sana habari ya swala. Wazazi wetu hawakucheka, maana Saanane iko puani mwa mji; ukisimama Capri Point unaiona miti yake mmoja mmoja.

Basi, majina.

Ukimuuliza mzee, "Nani alijitolea wakati wa vita?" hupati kitu. Anakutazama, anasema, "Sote tu." Au anakutajia mwenyekiti wa tawi wa wakati ule, na katibu, na tajiri fulani aliyetoa lori. Wakubwa ndio wanaokumbukwa kwa majina, hata na wale waliofanya kazi zaidi yao. Na ukimuuliza bibi kama yeye mwenyewe alifanya chochote, jibu ni lilelile nyumba hadi nyumba: "Mimi? Sikufanya kitu, mwanangu. Tulipika tu."

Aliyetutoa kwenye mkwamo huo ni mwenzetu mmoja, fundi cherehani, ambaye hana hata siku moja ya kusomea mambo ya historia. Tulikuwa kwa bibi mmoja mtaa wa juu, tumeshaambiwa "tulipika tu", mimi nimeshafunga daftari. Yeye akauliza, kama anayeuliza habari za jikoni, "Bibi, hayo masufuria ya kupikia watu wengi hivyo mliyatoa wapi? Maana nyumbani mtu hana."

Bibi akacheka. Akamwita mjukuu, akamtuma uani. Mjukuu akarudi na sufuria kubwa la mikono miwili, limebonyea ubavu mmoja, limeota masizi ambayo hakuna mchanga wala jivu litakaloyatoa. Chini ya mkono mmoja mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari alama ya shina lao. Siku zile vitu vya shughuli vilikuwa vya shina, mali ya nyumba kumi, vinazunguka kwenye misiba na harusi. Vita vilipokuja, bibi akasema, masufuria yalikusanywa kutoka mashina ya jirani, yakapelekwa shule ya msingi walikolazwa watu waliotoka Ziwa Magharibi, mkoa ambao sasa ni Kagera. Yalipikiwa uji asubuhi na ugali jioni. Nani alikuwa anasonga? Hapo sasa majina yakaanza kutoka, moja linavuta jingine, kwa sababu ugali wa sufuria lile hausongwi na mtu mmoja. Mmoja anashikilia, wawili wanasonga, wa nne anaongeza unga. Alitutajia wanawake wanne kwa zamu zao, na wa tano aliyekuwa anatoroka zamu, na huyo naye akatutajia kwa kumcheka, miaka zaidi ya arobaini baadaye.

Kuanzia hapo hatukuuliza tena habari za watu. Tunauliza habari za vitu na mahali. Kuni zilitoka wapi? Maji yalichotwa bomba lipi? Nani alikuwa na mtumbwi mkubwa upande huu? Blanketi walizolalia zilikuwa za nani, na zilirudi? Swali la blanketi linafaa sana, kwa kuwa blanketi ambayo haikurudi haisahauliki.

Watu wengi waliotusikia walidhani karatasi zitatusaidia kuliko wazee. Karatasi zipo kidogo. Familia moja ilitunza daftari la marehemu babu yao aliyekuwa balozi wa nyumba kumi: limeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, mistari imenyooka, mtu nadhifu. Michango ya vita imeorodheshwa humo kwa nyumba. Kuku wawili. Mchele, pishi nne. Dagaa, debe moja. Shilingi tano. Nilipolishika nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Lakini soma majina yenyewe: kila mstari ni jina la baba mwenye nyumba. Kuku alikuwa wa nani? Mchele uliotwangwa ulitwangwa na nani? Kuna mstari mmoja ambapo mwenye jina, kwa maelezo ya binti yake mwenyewe, hakuwa Mwanza kabisa mwaka ule. Alikuwa Geita kwa mke mdogo. Aliyetoa debe la dagaa ni mama yao, aliyekuwa akianika na kuuza. Angetumwa ofisa makini kutoka makao makuu, akaliona daftari lile, angemtunuku mume. Ndiyo maana nasema, karatasi ziheshimiwe lakini zisiachwe zisimame peke yake. Kila jina la mwanaume tulilolikuta limeandikwa tulilipeleka kwa watoto wake tukauliza, "Na mama alikuwa wapi?"

Kuna jambo la waongo. Habari ya nishani ikishasambaa, wanajitokeza watu. Wengine ni watoto wa watu, wanataka jina la baba lipande, hao siwalaumu. Wengine wamesikia kwamba kuna pesa. Ilibidi tuwe na namna ya kupima bila kumvunjia mtu heshima, na hapa ualimu ulinifaa. Mzee mmoja alitusimulia kwa mbwembwe jinsi walivyopeleka unga hadi mbele, wakavuka daraja la Kyaka na lori mwezi huohuo wa Novemba. Daraja la Kyaka lililipuliwa na askari wa Amin mwanzoni mwa Novemba 1978. Wanajeshi wetu waliuvuka mto kwa daraja la muda walilolijenga wenyewe. Mtu aliyepita pale angelikumbuka daraja lile la kuelea kuliko anavyokumbuka siku ya harusi yake. Tulimshukuru mzee, tukanywa chai yake, hatukuandika.

Lakini ngoja. Mzee mwingine, mpagazi wa zamani bandarini, alituambia kwamba alipakia magunia kwenye MV Bukoba mwezi Desemba 1978. Kijana wetu mmoja, mwenye simu na haraka, akanong'ona kwamba huyu naye ni mwongo, kwa kuwa meli hiyo ilitengenezwa mwaka 1979. Ni kweli. Ila mimi nilimsikiliza yule mzee akieleza jinsi gunia la unga linavyopita kwenye ubao wa kupandia meli wakati wa usiku taa zikiwa zimezimwa: unamfuata mwenzako kwa kusikia pumzi zake, ukifika mwisho wa ubao, wa mbele yako anagonga mguu mara mbili ili ujue hapa kuna ngazi. Hayo mtu hayatungi. Meli ilikuwa MV Victoria. Jina la Bukoba limemwingia baadaye, na kila mtu wa Mwanza anajua kwa nini: tangu 21 Mei 1996 jina lile halitoki kichwani mwa yeyote aliyekuwa na ndugu safarini. Mzee akikosea mwaka au jina la chombo, si lazima awe mwongo. Mwongo kwa kawaida ana tarehe nzuri sana. Anachokosa ni kugonga mguu mara mbili.

Kipimo kingine tulichokipenda ni jina la mkoa. Waliokuwepo husema "watu wa Ziwa Magharibi", kwa kuwa mkoa ulipewa jina la Kagera baada ya vita, mwaka 1979. Anayesema Ziwa Magharibi bila kufikiri, mpe kiti.

Mabishano makubwa zaidi kwenye kikundi chetu yalikuwa juu ya nani anahesabiwa kuwa alijitolea. Mgambo je? Wapo waliochaguliwa wakaenda kwa kuwa hawakuwa na njia, na wapo walioacha mashamba ya pamba yakiwa hayajapaliliwa wakaenda wenyewe kujiandikisha. Wengi waliingizwa jeshini na kuhesabika na wanajeshi. Hao tuliwaachia jeshi lao. Waliobaki kulinda bandari na matangi, wamevaa shati la nyumbani, wameshika rungu, tuliwaingiza.

Halafu ukaja mjadala wa karabai. Nauandika kwa kirefu kwa sababu bado haujaisha.

Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa mwanga. Karabai inawashwa, dagaa wanaukusanyikia mwanga, wavu unazamishwa. Mbalamwezi ikitoka, mnapumzika. Sasa wazee wawili wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, walitueleza kwamba wakati wa vita, na hasa baada ya mabomu ya Saanane, waliambiana wasiwashe karabai mbele ya mji, ndege zisije zikafuata taa. Giza zima likapita bila dagaa. Mmoja aliuza baiskeli. Mwingine, mkewe alirudi kwao Ukerewe na watoto kwa kuwa hapakuwa na chakula. Je, huyo alijitolea? Fundi cherehani alisema hapana: kukaa nyumbani si kujitolea, na kama ni amri basi ni amri. Mimi nilisema kwamba kama ilikuwa amri, aliyeivunja angekamatwa, na wazee hawa hawakumbuki mtu yeyote aliyekamatwa. Waliambiana wenyewe pale ufukweni, wakakubaliana. Mtu aliyeacha riziki yake kwa hiari ili mji usipigwe ametoa kuliko aliyetoa kuku wawili. Lakini naelewa kwa nini wenzangu wanasita. Ukimtunuku kila aliyekosa kitu wakati ule, utaitunuku nchi nzima, maana baada ya vita Mwalimu mwenyewe alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ile ilifungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Sukari, sabuni, vitambaa, vyote tulivipangia foleni. Hilo ni taifa zima kulipa deni. Nishani si ya hilo.

Tulichokubaliana mwishowe, kwa kura iliyopita kwa shida, ni kwamba awe amefanya kitu kwa ajili ya mtu asiye wa nyumba yake, na wawepo watu wawili wasio ndugu zake wanaokikumbuka. Wazee wa karabai waliingia kwa mlango huo: giza lile walilokosa kuvua, mitumbwi yao ilitumika kuvusha watu na mizigo, na waliovushwa wanakumbuka.

Wenyewe wanataka nini? Swali hili liulizwe mapema, kabla ya kuwachosha watu kwa ziara. Tulipata majibu ya kila aina. Bibi wa sufuria alisema nishani wapewe askari, yeye apewe dawa ya presha. Kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee anacho, ila kila akifika dirishani anaambiwa dawa hiyo hakuna, akanunue nje. Mpagazi alitaka nishani hasa, ya chuma, ya kuvaa, na alisema bila haya kwamba atazikwa nayo. Mzee mmoja wa karabai alikataa katakata. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akasema, "na mimi nimebakiza tembo kidogo." Tukaliacha jina lake nje kwa matakwa yake, na mkewe akatufuata nje hadi barabarani akatuambia tuliandike. Hilo nalo hatujalimaliza.

Wengi zaidi hawakutaja kitu cha kupewa. Walitaka watoto wao wajue. Mama mmoja, sasa ni mjane, alisema wajukuu zake wanajua wachezaji wote wa timu za Ulaya kwa majina na hawajui kwamba kwenye chumba wanacholala waliwahi kulala watu kumi na mmoja kutoka Ziwa Magharibi.

Tulipoona orodha imekomaa tuliipeleka. Ofisi sitaitaja. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, alisoma kurasa zote, akauliza maswali ya maana. Kisha akasema jambo ambalo tulikuwa tunaliogopa. Majina haya, wazee wangu, ni mengi, na kazi zao zinafanana. Nishani ya taifa hutolewa na Rais kwa mtu, kwa jambo mahususi alilolifanya. Chagueni watatu au wanne wenye mchango mkubwa zaidi, muwaandikie maelezo yanayojitosheleza. Tukamwambia kwamba hapo ndipo shida ilipo. Ukimchagua mmoja kati ya wasonga ugali wale wanne umewaumiza watatu, na mtaa wetu ni mdogo, watakutana kisimani. Tulipendekeza mtaa mzima, au mwalo mzima, upewe heshima moja. Akatabasamu. "Nishani inabandikwa kifuani, mwalimu. Mtaa una kifua gani?"

Lilikuwa jibu zuri, na nilicheka. Lakini linajibika, na aliyepitia vita zaidi ya sisi ameshalijibu. Tarehe 15 Aprili 1942, Mfalme George VI wa Uingereza alikitunuku kisiwa kizima cha Malta Msalaba wa George, kwa jinsi wakazi wake walivyovumilia mabomu ya Wajerumani na Waitalia. Msalaba huo umo kwenye bendera ya Malta hadi leo. Kifua chao ni bendera. Wafaransa nao, kwenye ile nishani ya Ukombozi iliyoanzishwa na Jenerali de Gaulle mwaka 1940, waliwatunuku watu 1,038, vikosi 18, na miji na vijiji 5. Miongoni mwa hivyo vitano, pamoja na Paris yenyewe, kimo kisiwa kidogo cha wavuvi kiitwacho Île de Sein. Juni 1940 wanaume wa kisiwa kile, zaidi ya 100, walipanda mashua zao wakavuka bahari kwenda Uingereza kuendelea na vita, wakawaachia wake na wazee kisiwa. Niliposoma habari hiyo niliwaza Ukerewe, niliwaza Ukara, niliwaza mitumbwi yetu. Wafaransa hawakuuliza ni mvuvi yupi kati yao aliyepiga kasia kwa nguvu zaidi.

Na kama mtu atasema hayo ni ya zamani, kuna Ukraine. Desemba 2022, vita vikiwa vimepamba moto, Rais Zelensky alianzisha tuzo maalumu ya watu wanaojitolea, iitwayo Moyo wa Dhahabu. Hiyo ni ya mtu mmojammoja, kama alivyotaka kijana wetu wa ofisini, lakini tazama waliyemlenga na wakati walioianzisha. Wamemlenga raia: anayepeleka chakula, anayekusanya michango, anayehamisha wagonjwa. Na wameianzisha mashahidi wangali hai na karatasi zingali mbichi. Sisi tunafanya kazi hii baada ya miaka zaidi ya arobaini, tukitegemea sufuria lililobonyea. Nikipewa nafasi ya kushauri ningesema hivi: kuwe na daraja moja la nishani kwa raia waliojitolea wakati wa hatari, vita au maafa, na liruhusu kikundi. Mlipuko wa gonjwa, meli kuzama, mafuriko, kote huko kuna watu wa namna hii, na safari hii tusingoje wazeeke.

Wakati tunasubiri majibu, hatukukaa. Siku ya Mashujaa iliyopita, 25 Julai, tuliomba ofisi ya mtaa tusome majina yote kwa sauti, asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini. Hatukuwa na medali wala shada. Tulikuwa na kipaza sauti cha kuazima, viti vya plastiki, na orodha. Nilisoma mimi. Nilisoma kila jina la mwanamke kwa jina lake mwenyewe kwanza, halafu ndipo "mama fulani", na palikuwa na wanawake ambao majirani wa miaka thelathini walikuwa wanasikia jina lao kwa mara ya kwanza; mmoja alipigiwa vigelegele hadi akaficha uso na kanga. Mpagazi alikuja amevaa koti.

Nilipofika mwisho, bibi wa sufuria alinyoosha mkono. Hakusimama, magoti hayamruhusu. Akasema orodha ni nzuri, lakini mmemsahau wa kuni. Wa kuni yupi, bibi? Akasema kulikuwa na mtu, si wa hapa, aliyekuwa akija na mtumbwi kutoka upande wa Igombe, kila baada ya siku mbili tatu, umejaa kuni kavu, anazishusha anaondoka bila kuchukua hata senti. Wanawake wengine wawili wakaitikia palepale: ndiyo, yule mrefu, mwenye kofia ya ukindu. Mmoja akasema alikuwa Mkerewe. Mwingine akasema Mjita. Jina hakuna aliyelijua. Walikuwa wakimwita Kuni.

Tumeshazunguka Igombe na Kayenze tukiuliza. Tumepata wazee wawili wanaomkumbuka mtu wa kofia ya namna hiyo, lakini mmoja anamweka miaka ya baadaye, wakati wa sungusungu, kwa hiyo huenda ni mtu mwingine. Mtumbwi wenyewe unasemekana ulikuwa wa mbao, mkubwa, umepakwa rangi nyekundu ubavuni, na ulikuwa na tanga la kushonwa kwa magunia ya pamba. Kama babu yako alivua au kukata kuni upande wa Igombe, Kayenze au visiwa vya karibu mwaka 1978 na 1979, na nyumbani kwenu mnasimulia habari za mtumbwi huo, fika ofisi ya mtaa wowote hapa Kirumba uulize kikundi cha wazee wa majina. Wapo wanaojua pa kutupata.